Pete Yako Imefika

Gari hili nililinunua kwa Mzungu aliyekuwa anahama nchi. La Kijerumani, la mwaka 2001, milango miwili, rangi ya fedha, na bei yake ni ile ile ya IST ya mkononi. Siku naliingiza Tabata watoto walilikimbiza mpaka getini. Mama Salma alilizunguka mara moja, akauliza, "Viti viwili. Na watoto watakaa wapi?" Sikuwa na jibu, nikapiga resi.

Mwezi wa pili taa ya servisi ikawaka. Nikaenda kwa wakala, kule kwenye vioo na kiyoyozi ambako hata fundi amechomekea. Nikapewa kahawa, kisha profoma: kumwaga oili peke yake, Sh 1,240,000. Nikadhani wamenichanganya na mwenye lori. Dada wa mapokezi akanielewesha taratibu: Corolla inakunywa lita 4, hili linakaribia 9, tena sintetiki tupu; fundi analipiwa kwa saa; juu yake VAT asilimia 18. "Na breki zinakaribia kuisha, mzee. Diski tunabadilisha pamoja na pedi, kwa hiyo ujiandae." Kumbe spea haina habari kwamba wewe ulinunua mtumba. Inauzwa kama vile gari limetoka kiwandani jana.

Nyumbani nikasema servisi ni elfu themanini.

Kesho yake nikalipeleka Ilala. Fundi wangu, mtu wa miaka 20 kwenye kazi, akafungua boneti: buti. Akazunguka nyuma, akafungua: buti nyingine. Akafuta mikono, akanitazama kama mtu aliyefiwa.

"Bosi, umekuja unaliendesha au limevutwa?"

"Nimeliendesha."

"Basi wamekuibia injini hapa hapa, wakati tunasalimiana."

Watu wakajaa. Ilibidi niliwashe ndipo waamini. Injini ya gari hili iko katikati, nyuma ya viti, imefichwa kama mwali, na ukiitaka unaiingilia uvunguni.

Oili ikamwagwa. Shida ikawa pete, ile nyembamba ya kuzibia nati ya oili, ambayo ikishabanwa mara moja ndiyo basi. Tukazunguka maduka ya Gerezani mpaka miguu ikavimba, kipimo chake hakuna. Fundi akavua ndala, akakata pete nyingine hapo hapo. Oili ya moto na ndala havina undugu. Gari lilikojoa kutoka Buguruni hadi mlangoni kwangu.

Nikarudi kwenye vioo kichwa chini. Pete moja ya alumini: Sh 38,000, inaagizwa Ujerumani, wiki mbili. Nikalipa, nikaacha namba ya simu.

Ujumbe uliingia Jumapili, mimi niko bafuni, simu iko mezani. "Ndugu mteja, pete yako imefika. Karibu uichukue. Asante kwa kutuchagua."

Nilipotoka, shangazi yake Mama Salma alikuwa keshapigiwa. Saa nane mchana sebule ilikuwa na watu watano, pamoja na mjumbe.

"Baba Salma," shangazi akaanza, "sisi hatukuja kugombana. Pete ni ya nani?"

"Ya gari, shangazi."

"Gari linaolewa?"

Jumatatu Mama Salma akasema tunakwenda wote, tukapanda daladala. Dada wa mapokezi akaleta kifuko cha nailoni chenye stika na namba ndefu kama ya NIDA. Mke wangu akakichana mwenyewe. Akaitoa pete, nyepesi, haina hata mng'ao. Akaijaribu kidole cha pete, ikacheza. Akaijaribu gumba, ikakaa. Nikaona uso wake unalainika, nikashusha pumzi. Ndipo akasoma risiti.

"Hiki ni elfu thelathini na nane? Na servisi nzima si uliniambia elfu themanini?"

"Hapana, mama," yule dada akadakia, maskini, anasaidia tu. "Servisi ni milioni moja na laki mbili na arobaini."

Kwenye daladala ya kurudi akampigia shangazi, akaweka spika. Akamweleza kwamba pete ni ya gari kweli, kisha akamtajia bei zote mbili. Shangazi alinyamaza mpaka tukadhani vocha imekwisha.

"Mwanangu," akasema, "afadhali ingekuwa ya mwanamke. Mwanamke angeridhika na ya Kariakoo."

Konda alicheka mpaka akasahau kudai nauli.

Pete sikurudishiwa. Ipo kwenye gumba la Mama Salma, anaiita ushahidi, na gari liko juu ya matofali. Ikabidi niagize nyingine kimyakimya.

Jana niko kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja, simu nimeiacha sebuleni inachaji. Salma akaingia mbio, anahema.

"Baba, mama anakuita. Anasema pete ya pili imefika, na bibi shangazi yuko njiani."