Domeini ndogo si pambo la anwani

Anayetaka Wikipedia ya Kiswahili hufungua sw.wikipedia.org. Anayetaka habari za BBC kwa Kiswahili huenda bbc.com/swahili. Lugha ni ileile, lakini Wikipedia imeitanguliza mbele ya jina kama domeini ndogo, na BBC imeiweka nyuma ya mkwaju (/) kama folda. DW nao wanatumia folda: dw.com/sw.

Mafundi wa tovuti wakibishana kuhusu jambo hili, mara nyingi ubishi unaishia kwenye Google. Google wenyewe wameshasema hadharani kwamba injini yao inazimudu njia zote mbili. Baadhi ya wataalamu wa utafutaji hawakubali; wanadai folda hurithi sifa ya tovuti mama kwa urahisi zaidi. Kwa tovuti ndogo mimi naegemea folda, lakini kwa sababu nyingine: kazi inapungua. Unasasisha programu moja, unahifadhi nakala moja, unafuatilia takwimu mahali pamoja.

Hata hivyo, folda haiwezi kila kitu. Domeini ndogo unaweza kuielekeza kwenye seva nyingine kabisa, bila kulipia usajili mpya. Unaongeza tu rekodi kwenye DNS, daftari la intaneti linaloonyesha kila jina liko kwenye seva ipi. Chuo kinaweza kuweka tovuti kuu kwa kampuni fulani, mfumo wa matokeo kwenye seva yake chenyewe, na maktaba kwa mtoa huduma wa tatu, vyote vikabeba jina la chuo. Siku ya matokeo mfumo ule ukizidiwa, ukurasa wa udahili unaendelea kufunguka. Wikipedia nayo ina lugha zaidi ya 300, na kila lugha ina makala zake, wahariri wake na wakabidhi (wasimamizi) wake. Ya Kiswahili si tafsiri ya ile ya Kiingereza, na anwani yake inalionyesha hilo.

Ninaloona halipewi uzito wa kutosha ni usalama. Ukurasa ulio ndani ya folda, kivinjari hakiutofautishi na tovuti kuu, kwa hiyo ukimpa mtu wa nje folda aweke programu yake, umemkaribisha ndani kabisa. Domeini ndogo inamtenga, ila si kikamilifu: tovuti kuu ikiweka kidakuzi cha akaunti (data ndogo ambayo kivinjari hutunza ili mtumiaji atambuliwe) kwa ajili ya domeini nzima, domeini ndogo zote hukipokea. GitHub, jukwaa la kuhifadhi msimbo wa programu, walilichukulia hili kwa uzito. Kurasa za watumiaji wao zilikuwa chini ya github.com, na mwaka 2013 wakazihamishia github.io, domeini tofauti kabisa, ili kurasa anazoweza kuziandika mtu yeyote zisitumike kushambulia akaunti.

Hatari nyingine inatokana na usahaulifu. Taasisi inafungua domeini ndogo kwa ajili ya kongamano na kuielekeza, kwa rekodi ya DNS iitwayo CNAME, kwenye huduma ya wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni. Kongamano linakwisha, akaunti ya wingu inafungwa, rekodi inabaki. Kwenye baadhi ya huduma, mgeni anaweza kujisajili na kulichukua lile jina lililoachwa wazi. Kuanzia hapo matangazo yake ya kamari yanafunguka chini ya jina la taasisi, tena yakiwa na cheti halali cha HTTPS, kile kinachokiambia kivinjari kwamba muunganisho ni salama, kwa kuwa cheti hupewa anayethibitisha kwamba anwani iko mikononi mwake. Msomaji hana namna ya kujua.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, nami humuuliza nani atakayeiendesha sehemu hiyo. Kama ni timu ileile na programu ileile, folda inatosha, hata kwa lugha ya pili. Kama ni mfumo mwingine wenye wasimamizi wengine, domeini ndogo inastahili, mradi kila moja iandikwe kwenye orodha pamoja na jina la anayewajibika nayo. Na siku ya kuifunga, rekodi ya DNS ifutwe kwanza, huduma ya wingu izimwe baadaye.