Traki nane za Eurythmics: uhaba ulisaidia kiasi gani?

Maprodyuza wa studio za chumbani wakibishana kuhusu vifaa, hawakawii kuitaja albamu ya pili ya Eurythmics, kundi la Annie Lennox na Dave Stewart, Sweet Dreams (Are Made of This), ya Januari 1983. Mkopo wa benki wa pauni 5,000, mashine ya kurekodia yenye traki nane (njia nane za kurekodia sauti mbalimbali kwenye utepe mmoja), chumba kilicho juu ya karakana ya fremu za picha huko Chalk Farm, London, na mwisho wake wimbo ulioshika namba moja Marekani Septemba mwaka huohuo. Kwao, uhaba wa vifaa ndio uliozaa ubora huo. Wanaoisimulia hivyo hawasemi uongo, ila wanaruka mambo mengi.

Tuanze na upande wao. Albamu ya kwanza, In the Garden (1981), ilirekodiwa Ujerumani kwa Conny Plank, prodyuza mwenye jina kubwa. Ngoma alipiga Clem Burke wa bendi ya Blondie, na Jaki Liebezeit na Holger Czukay wa bendi ya Can nao walishiriki. Haikuuza. Annie Lennox na Dave Stewart waliporudi London wakiwa wawili tu, ufinyu wa vifaa uliwabana kwa namna ambayo inasikika mpaka leo.

Mashine za aina ile zilitumia utepe wa nusu inchi, yaani milimita 12.7. Ugawe kwa nane na uache nafasi kati ya traki na traki: kila sauti inapata ukanda mwembamba sana, na ukanda ukiwa mwembamba, mvumo wa utepe unasikika zaidi. Traki zikijaa, njia ya kawaida ni kuhamisha. Unachanganya nne, unazirekodi upya kwenye mbili, kisha unafuta zile nne upate nafasi. Ukishafuta, hurudi nyuma. Besi ikizidi, imezidi, na kila uhamisho unaongeza mvumo na kufifisha sauti za juu. Kwa hiyo mpangilio unakamilika kichwani kabla ya kidole kugusa kitufe cha kurekodi, na kitu kisicho na kazi hakipewi traki.

Wimbo wenye jina la albamu unaonyesha faida ya ufinyu huo. Kompyuta ya ngoma ya Movement inapiga besidramu kila pigo, kiasi cha mapigo 126 kwa dakika. Juu yake, vinanda vya umeme vinasokota mstari mmoja mfupi wa C maina usiochoka kurudi. Kuna na chupa za maziwa: waliziwekea maji kwa viwango tofauti na kuzigonga mpaka noti zikakubaliana na kinanda. Chupa ya kugongwa ukiiongezea maji sauti inashuka, kwa sababu maji yanaulemea mtikisiko wa kioo. Ya kupulizwa ni kinyume, sauti inapanda kwa kuwa hewa iliyobaki ndani ni kidogo. Anayechanganya hayo mawili atahangaika na jagi asubuhi nzima.

Hata hivyo, hakuna mkopo ulionunua sauti ya Lennox. Alisoma Royal Academy of Music, ingawa hakumaliza, na zile tabaka za sauti alizojirekodi mwenyewe zinajibizana kama kwaya iliyopangwa na mtu anayejua noti gani iachwe.

Ushahidi mzito zaidi dhidi ya hoja ya uhaba umo ndani ya albamu yenyewe. This Is the House na The Walk zilitoka kama singo mwaka 1982 na hazikufika popote. Love Is a Stranger ilitoka Novemba mwaka huo ikakwama namba 54 Uingereza. Wimbo wa Sweet Dreams ulipopanda hadi namba 2, Love Is a Stranger ikatolewa tena na kufika namba 6. Kilichobadilika si idadi ya traki. Watu walikuwa wameshamwona Lennox kwenye video, nywele fupi za rangi ya chungwa, suti ya kiume na fimbo mkononi, wakati MTV, stesheni ya televisheni ya muziki iliyoanza 1981, ilikuwa na njaa ya video. Wanaosema sura ndiyo iliyouza wana haki kwa kiasi hicho, ila sura haielezi kwa nini kiitikio cha chupa na besi bado kinajaza ukumbi.

Na albamu haikosi mashimo. Wrap It Up, wimbo wa Sam & Dave, unakaa pale kama mgeni aliyekosea mlango: soul ile ilitaka mpigaji ngoma anayepumua, ikapewa kompyuta. This City Never Sleeps, yenye milio ya treni za chini ya ardhi za London, imejengwa kwa vifaa vichache vilevile, lakini pale ukavu wa sauti ndio unaoleta upweke wa mjini.

Albamu iliyofuata, Touch, ilitoka Novemba 1983 na kushika namba moja Uingereza, wakati albamu ya Sweet Dreams iliishia namba 3. Nyimbo za Touch kwa jumla zinalingana zaidi kwa ubora. Lakini Marekani, singo yake iliyofika juu zaidi, Here Comes the Rain Again, iliishia namba 4, haikufika namba moja kama wimbo wa Sweet Dreams.