Ngome Kongwe Bagamoyo: tunaenda kuangalia jumba la tajiri au jela?

Kila sikukuu watu wa Dar wakimiminika Bagamoyo ubishi unarudi uleule. Wapo wanaoingia Ngome Kongwe wanapiga selfi ukutani wanaandika wazee wa zamani walijua kujenga bwana, na wapo wanaowajibu hapohapo kwamba lile jengo ni la damu, bora hata lingeachwa lianguke tu. Mi nawaelewa wote ila naona kuna watu wamesahauliwa na pande zote mbili, ntawafikia.

Kwanza jengo lenyewe, maana mtu akisikia ngome anajua ni kitu cha jeshi tangu mwanzo. Hapana, ile ilikuwa nyumba ya mtu. Abdallah Suleiman Marhabi, tajiri wa Kiarabu, aliijenga mwaka 1860 kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, ua katikati, juu unaona bahari yote. Sultani Barghash wa Zanzibar ndo akaja kuiimarisha kijeshi, baadaye wakaishika Wajerumani, Waingereza nao wakaifanya gereza, na hilo gereza halikufungwa siku ya uhuru, liliendelea mpaka 1974. Kwahiyo ukihesabu, ile nyumba imekaa na wafungwa miaka mingi kuliko iliyokaa na familia ya mwenyewe, alafu mtu anakuja kusifia "maisha ya kifahari"!

Sasa hela zilitoka wapi. Hapa wanaolaumu wana hoja nzito na sioni wa kuipangua. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku Juni 1873, nyumba ya 1860 inamaanisha ilipandishwa wakati watu wanauzwa mchana kweupe bila sheria ya kuwazuia wauzaji, na hakuna mfanyabiashara mkubwa wa pwani wa miaka ile aliyekuwa mbali na mambo hayo. Wamisionari wa Kikatoliki walipofungua misheni pale 1868 walianzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa, na huwezi kukomboa watu mahali ambapo hawauzwi.

Ila ukiingia pale stori utakayosimuliwa kwa urefu ni ya watumwa kufungiwa na kupitishwa njia ya chini kwa chini kwenda kwenye majahazi, na nakubali, ndo stori inayowafanya wageni wanyamaze. Shida yangu ni kwamba inameza kila kitu. Bandari kubwa ya kuuza watu kwenye mwambao wetu ilikuwa Kilwa, Bagamoyo kilichoitajirisha zaidi ni pembe za ndovu, na pembe hazikutembea zenyewe, zilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu wa kulipwa, waliotembea miezi kutoka Tabora na huko mbele, wakifika wanapiga kambi wanasubiri mzigo wa vitambaa na shanga wa kurudi nao bara. Walikuwa maelfu kwa maelfu kila msimu. Hawa anayesifia ukuta hawaoni, na anayelaani ukuta naye hawaoni, maana wote wawili macho yao yako kwa mwenye nyumba. Kiukweli kama kuna mtu wa kumuweka mwanzo wa maelezo ya ile nyumba ni mpagazi.

Alafu wale wa "liachwe lianguke" nawauliza kuhusu Sewa Haji. Mhindi wa palepale Bagamoyo, alitajirika kwa kuandaa misafara, bidhaa na wapagazi, akafa 1897. Huyu alitoa hela za hospitali Dar, akatoa jengo la shule Bagamoyo kwa sharti watoto wa rangi zote wasome, na mpaka leo ukilazwa Muhimbili unaweza kupelekwa wodi ya Sewa Haji. Hela ya wodi na hela ya majumba ya Bagamoyo zimepita njia moja ya msafara. Simsafishi mtu kwa sababu alitoa sadaka, nasema tu kwamba wodi hakuna anayesema ibomolewe.

Na jengo likianguka anayefaidika nani? Kiwanja kinabaki, tena cha karibu na bahari. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, kwahiyo nyumba ya Marhabi imepona kwa miaka mitatu tu, yale majumba mengine ya wafanyabiashara yaliyojengwa baadaye mpaka serikali iyatangaze rasmi. Milango ya kuchonga ina unafuu kidogo, inalindwa ya kabla ya 1940. Lakini nyumba yenye warithi ishirini waliotawanyika, nani atanunua chokaa? Anakuja mmoja mwenye uchungu anapiga plasta ya saruji, na saruji inafungia unyevu na chumvi ndani ya matumbawe, ukuta unaoza kwa ndani huku nje unang'aa, miaka kadhaa unamwagika. Kwahiyo mi kiingilio natoa bila kinyongo, ila ningependa hela hiyo ivuke barabara ifike na kwenye zile nyumba ambazo hakuna anayepigia picha, na muongozaji aongeze dakika tano za wapagazi kabla hajatupeleka kwenye ile njia ya chini.