Ndimu, kitunguu saumu na ngozi inayoungua

Mtu akiponda kitunguu saumu, akakifunga kwa bandeji juu ya fangasi ya mguu na kulala nacho, anaweza kuamka na malengelenge yaliyoishia pale pale bandeji ilipoishia. Kinachounguza ni alisini, kemikali isiyokuwemo kwenye punje nzima. Huzaliwa punje inapopondwa. Kemikali hiyo hiyo huua bakteria na fangasi maabara, kwa hiyo aliyekipaka hakuwa mjinga. Ila haichagui: ngozi yako nayo ni chembe hai.

Ndimu ina ujanja zaidi. Ukali wake ni takriban pH 2 (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi), wakati ngozi iko karibu na 5, lakini asidi siyo mkosaji mkubwa. Maji yake na mafuta ya ganda lake yana furanokumarini, kemikali za mimea ambazo zikipigwa na mionzi ya jua huunguza ngozi. Malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili, kisha hubaki madoa meusi kwa wiki au miezi. Kwa kuwa yamechelewa, wengi hulaumu sabuni au mdudu. Kuna watoto waliokutwa na alama za vidole mgongoni, watu wakadhani wamepigwa, kumbe mzazi aliwabeba juani mikono ikiwa na maji ya ndimu. Na ndimu hiyo ndiyo watu wanashauriana kuipaka usoni ili kuondoa madoa!

Hata hivyo, wanaozicheka tiba hizi zote nao wanakosea. Asali imepimwa kwenye majeraha ya moto yasiyo ya kina, ikaonekana kuponya haraka kuliko baadhi ya bandeji za kawaida. Mafuta ya mti wa chai (tea tree, si mchai wa majani ya kunywa) yalipimwa Australia mwaka 1990 yakiwa asilimia 5, yakapunguza chunusi, ingawa polepole kuliko dawa ya dukani. Na huko dukani si salama kila mara: zipo krimu za kung'arisha zenye zebaki, na nyingine zenye steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, ambazo zikitumika ovyo hukondesha ngozi. Anayekimbilia jikoni mara nyingi anakimbia hayo, au hana pesa ya daktari.

Lakini tazama asali ya tiba inayotumika hospitali: huwa imeuliwa vijidudu kwa mionzi. Mafuta yale yalikuwa asilimia 5, si tone zito kutoka kwenye chupa. Kwa mtazamo wangu ugomvi wa mimea na kemikali hauna maana; jikoni kinachokosekana ni kipimo, muda na mtu wa kupokea malalamiko. Aliyepona husimulia, aliyeungua hujifunika kanga.

Ushauri wa kujaribu kwanza kwenye mkono ni mzuri, hasa kwa mzio. Kwa ndimu hausaidii sana: sehemu uliyojaribia ikikaa ndani ya shati haitaonyesha kitu, na uso utatoka juani.

Aliyekwisha kuungua aoshe kwa maji baridi yanayotiririka, si ya barafu, kwa dakika 20, kisha akatibiwe ikiwa kuna malengelenge au ni usoni. Dawa ya meno na yai bichi viachwe. Daktari atalazimika kuvibandua kwanza ndipo aone ngozi imeungua kiasi gani.