Jenereta la Hajati Lilivyotoa Jicho Jekundu

Simu ilitoka kwa mlinzi wa ukumbi, babu wa makamo ya marehemu baba yangu, saa nne za usiku ambao umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima huko Tanga. Baada ya kuitikia shikamoo yangu, alinieleza kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba kwamba jenereta limetoa jicho, tena jicho jekundu, na kwamba yeye hatalisogelea mpaka nije mwenyewe. Nilifika kesho yake saa tatu asubuhi, nikaliwasha, nikalizunguka mara mbili, nisione jicho wala kope. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba huenda usingizi ulimpitia.

Fundi wa dizeli mwenye miaka 14 kazini anapaswa kujua kwamba chuma kilichopata moto wa nyuzi 600 hivi za Selsiasi hutoa wekundu hafifu unaoonekana gizani, na kwamba jua la asubuhi la Tanga huufuta wekundu huo usiuone hata ukiinama. Mimi nililijua hilo vizuri. Nilichokosa ni kulikumbuka kabla ya kumsingizia mzee wa watu usingizi.

Usiku wa pili nilikwenda mwenyewe, na jicho nikaliona. Tabo yote, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa, ilikuwa imeiva kama kaa la mkaa, na wekundu ulishuka hadi kwenye bomba la ekzosi kiasi cha dhiraa moja. Hajati, mwenye ukumbi, alisimama mlangoni akiwa amejifunga ushungi, akauliza kama jenereta linaungua. Nilimjibu, "Hapana Hajati, hili ni jambo dogo," maneno ambayo baadaye yalinigharimu zaidi ya vipuri vyote.

Nilianza na mzigo, kwa kuwa kila fundi hupenda kumkuta mteja na kosa. Jenereta lile ni la kVA 100, ambazo kwa volti 400 ni ampea 144 kila fezi, nami nilipopima nilikuta ampea 70 tu. Maana yake ni kwamba lilikuwa likibeba nusu ya uwezo wake na bado linaiva, sawa na mtu anayetokwa jasho la kuchimba kisima ilhali amekaa kitako akichambua mchele. Nikahamia kwenye chujio la hewa, kwani injini ya dizeli ikikosa hewa mafuta hayaungui yakaisha ndani ya silinda, na moto unaosalia hutokea kwenye ekzosi na kuichoma tabo. Kionyeshi cha chujio kilikuwa kijani kibichi, yaani halijaziba, na chujio lenyewe halikuwa na miezi mitatu tangu nilibadilishe kwa mikono yangu. Nikajipongeza kimoyomoyo kwa sevisi nzuri.

Basi nikamgeukia babu. Nilikumbuka kwamba masika yaliyopita alikuwa akifunika mdomo wa ekzosi kwa kopo la maziwa ili mvua isiingie, nikaamua kuwa kopo hilo limetumbukia ndani na kuziba njia ya moshi. Babu aliapa kwamba kopo lake analo na analinywea chai, akaenda akalileta likiwa na chai yenyewe, lakini fundi aliyekwisha kata shauri hababaishwi na ushahidi. Nilifungua sailensa, nikaichungulia, sikukuta kopo, nikaona hata hivyo niwashe injini bila sailensa ili nilinganishe joto. Joto halikupungua hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba moshi wote mweusi, ambao zamani ulipaa juu ya paa, sasa ulikwenda mlalo moja kwa moja hadi kwenye kamba ambako vitambaa vyeupe 40 vya meza vilikuwa vimeanikwa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi.

Sitaeleza aliyosema Hajati. Nitasema tu kwamba hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza.

Siku iliyofuata niling'oa nozeli zote sita zinazonyunyiza mafuta kwenye silinda, nikazipeleka kwa mtaalamu wa pampu, akazipima moja moja na kunirudishia zikiwa salama pamoja na hesabu yake. Nikafunga geji ya kupima msukumo wa hewa kwenye bomba linalotoka kwenye tabo, nikapata karibu bar moja ya msukumo, nyingi kuliko nilivyotarajia kwa nusu mzigo, nikamwonyesha kijana wangu wa kazi nikimwambia kwamba hiyo ndiyo tabo yenye afya. Kila mara tabo ilikuwa ikikohoa, hu-hu-hu, nami nikamweleza kwamba ndivyo zinavyopumua. Kijana akatazama geji, akatazama injini, akauliza kwa unyenyekevu, "Fundi, kwani hewa hiyo inafika?"

Nilitaka kumkemea, ila sikuwa na jibu. Tukahamishia geji upande wa pili, pale hewa inapoingia kwenye injini, na mshale ukabaki umelala. Kati ya vipimo hivyo viwili kulikuwa na kitu kimoja tu, kile kipoza hewa kinachokaa mbele ya rejeta, ambacho sisi mafundi tunakiita intakula. Nikalegeza kibano cha hozi, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, nikashika kitu laini.

Nilivuta. Kikaja kitambaa kilicholoa oili, kikazidi kuja, kwa ule mwendo wa mwanamazingaombwe anayetoa leso mdomoni, mpaka ikatoka nusu nzima ya kanga, na katikati ya weusi wa oili yakasomeka maandishi: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Kumbukumbu ikanirudia yote kwa mpigo. Miezi mitatu nyuma, siku ya sevisi ile ile niliyojipongeza nayo, nilibadilisha hozi hiyo, nikaziba tundu kwa tambara ili vumbi lisiingie, nikaitwa kula wali.

Babu alikisoma kitambaa taratibu, herufi kwa herufi, kwa sauti, kisha akanywa chai kwenye kopo lake. Hajati yeye hakusoma. Alishika upindo kwa ncha za vidole viwili, akautazama, akasema, "Hii si sare ya harusi ya mwanangu? Mkeo alinunua kwangu mimi."

Hapo ndipo nilipotamani kuingia ndani ya intakula. Kanga hiyo ilikuwa imetafutwa nyumbani kwetu muda mrefu, nami kama baba mwenye nyumba nilikwisha amua kwamba imeliwa na mbuzi wa jirani, na tulikuwa hatusalimiani na jirani tangu siku hiyo.

Tulifunga hozi, tukawasha kwa mzigo ule ule, na ilipoingia magharibi tabo ilikuwa nyeusi tii. Nilipokuwa nikikusanya spana, Hajati alikuwa amekwisha kumpigia mke wangu, akamaliza kumsimulia, akaninyooshea simu. Sikusikia ukali wowote. Mke wangu aliniuliza swali moja tu: ikiwa nusu ya kanga ilikuwa ndani ya jenereta la Hajati, nusu iliyobaki iko ndani ya mashine ya nani?

Nilimrudishia Hajati simu yake, nikatoa yangu, nikaanza kuwapigia wateja.