Acheni kuwaambia watu wapashe mafuta hadi yatoe moshi

Jumapili iliyopita wifi yangu alinipigia simu huku analia. Nilidhani kuna msiba. Kumbe yuko jikoni kwake, mkono wa kushoto umeungua kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, mafuta yanachuruzika ukutani na watoto wamekimbilia chumbani. Alikuwa anakaanga bánh rán, yale madonge ya unga wa mchele wa kunata yenye choroko ndani niliyomsimulia tangu niliporudi kutoka Vietnam. Uvumilivu ukamshinda. Akatafuta video, akaambiwa kazi yote ni dakika 15: mafuta yawe ya moto sana ili donge lisiyanyonye, tumbukiza, geuza, epua. Donge la tatu likalipuka.

Jirani alipokimbilia kusaidia akampaka dawa ya meno. Jamani, dawa ya meno haitibu moto. Ukiungua, weka mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 nzima, halafu nenda ukaonwe na daktari. Hilo nilitaka kulisema kabla ya unga na sukari.

Simlaumu yeye. Alifuata alichofundishwa, na aliyemfundisha alikuwa na wajibu wa kumwambia kwamba donge hili, likikaangwa vibaya, linapasuka na kurusha mafuta. Kule Hanoi, Vietnam, jambo hilo anajulishwa hata mtoto anayeruhusiwa kusogea karibu na karai. Unawezaje kufundisha mapishi ukaacha kitu kama hicho?

Nimeishi Hanoi miaka mitatu, nikisoma. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa anakaanga bánh rán kila jioni ya kipupwe na kuziuza mdomoni mwa kichochoro chetu. Kule, kama kwetu, mtu mzima humwiti jina tu ukaishia hapo. Nilimwita bác, yaani ndugu mkubwa wa baba au mama, naye akaniita cháu, neno wanaloitwa wajukuu na watoto wa ndugu. Mwezi wa pili Hanoi inanyesha manyunyu yasiyokwisha, nguo hazikauki, baridi inaingia mpaka kwenye godoro. Nilikuwa nateremka kukaa karibu na jiko lake ili nipate joto. Nikapata na ufundi.

Jiko lilikuwa la makaa ya mawe, yale ya duara yenye matundu kama sega la nyuki. Karai jeusi, mafuta mengi. Na hiki ndicho kinachonikera zaidi katika hizi video: bác hakuwahi hata siku moja kutia madonge kwenye mafuta yanayofoka. Alichovya ncha ya kijiti cha kulia chakula ndani ya mafuta. Vipovu vidogo vikitoka taratibu kukizunguka kijiti, anatia. Vikitoka kwa fujo, anaepua karai na kusubiri. Kwa kipimajoto ni kama nyuzi 120 au 130. Madonge yalizama hadi chini, yakakaa kimya dakika kadhaa, wala yeye hakuyabughudhi, alisukuma mafuta tu kwa kijiti yazunguke ili yasigande kwenye chuma. Halafu moja likaelea, la pili, la tatu. Hapo ndipo alichukua upawa, akawa anayakandamiza kidogo kidogo na kuyazungusha, nayo yanavimba polepole mbele ya macho yako. Dakika 20, wakati mwingine zaidi. Mwishoni ndipo alichochea moto, dakika chache tu, yapate rangi na yasitoke yamejaa mafuta.

Kwa nini subira yote hii? Mchele wa kunata si mchele wa kawaida uliopikwa bokoboko. Wanga wake karibu wote ni wa aina inayonata, amilopektini; ile isiyonata, amilosi, ni chache mno, ndiyo maana ukiiva unavutika kama ulimbo. Ngozi ya donge ikipigwa na mafuta makali inakauka na kuziba kabla ndani hakujapata moto. Kisha maji ya ndani yanageuka mvuke, na mvuke hauna pa kutokea. Kaimati na mandazi hazina shida hii kwa sababu hamira imeshafungua vitundu kila mahali. Donge la mchele wa kunata limefungwa pande zote. Mvuke ukizidi nguvu, unapasua. Moto wa taratibu unaipa ngozi nafasi ya kunyumbuka na kutanuka pamoja na mvuke, ndiyo maana donge linavimba badala ya kulipuka.

Na hatari inaanza kabla ya jikoni. Bác alichanganya unga wa kunata na unga kidogo wa mchele wa kawaida, na kiazi ulaya kilichochemshwa na kupondwa kingali moto, ili ganda liwe jepesi na lisikakamae. Mimi natumia gramu 300 za unga wa kunata, 50 za unga wa mchele wa kawaida, 150 za kiazi, sukari gramu 90, chumvi kidogo, na maji ya uvuguvugu kama mililita 180, ambayo natia kidogo kidogo kwa sababu kila kiazi kina maji yake. Kinyunya kinafunikwa kwa kitambaa kibichi na kupumzishwa saa mbili. Kisipopumzika, unga haujanywa maji sawasawa, ukifinyanga unachanika, na kwenye ufa ndipo linapopasukia. Hewa pia usiiache katikati ya choroko na ganda. Bác alikuwa anazungusha donge kiganjani huku anabana, anazungusha anabana, mpaka lisiwe na mkunjo hata mmoja.

Choroko ziwe zilizokobolewa, zile za njano. Loweka saa nne, pika kwa mvuke mpaka ziive, ponda, tia sukari na nazi kidogo iliyokunwa, kisha kausha kwenye kikaango kikavu mpaka zisishike mwiko. Hapa ndipo penye siri ya Hanoi. Choroko zikiwa kavu na zimefinyangwa zikawa ngumu kama gololi, ganda likivimba linaachana nazo, na donge likishaiva ukilitikisa linagonga ndani. Kusini, Saigon na kwingineko, wanaita ndugu yake bánh cam, cam ni chungwa, kwa umbo lake na rangi, wanalivirigisha kwenye ufuta, na kwa kawaida ndani hakugongi. Nimekula zote mbili. Mimi ni mtu wa Hanoi kwa hili na sitabadilika.

Nakiri kwamba hizo video zimewafanya watu wengi hapa kwetu wajue kuna vitafunwa vya Vietnam zaidi ya supu ya tambi. Ni jambo jema. Nakiri pia kwamba ukikosa choroko zilizokobolewa unaweza kuloweka hizi zetu za kijani usiku kucha na kuzifikicha maganda asubuhi, kazi ipo lakini ladha ni ileile. Unga wa ngano badala ya mchele wa kunata, hapana, utapata andazi lenye choroko. Oveni, hapana. Na kwenye maduka ya vyakula vya Asia angalia pakiti vizuri: za Erawan kutoka Thailand, zenye tembo wa vichwa vitatu, unga wa kunata ni wa maandishi ya kijani, wa kawaida ni wa maandishi mekundu. Watu wanabeba nyekundu halafu wanashangaa kwa nini unga hauvutiki.

Anayetaka cha haraka apike chuối chiên. Ndizi mbivu fupi unaibana kati ya vibao viwili mpaka iwe bapa, unaichovya kwenye uji mzito wa unga wa mchele na ufuta, unatia kwenye mafuta yaliyopata moto vizuri. Dakika chache umemaliza, na ni tamu kwelikweli. Vietnam ina vya haraka na vina heshima yake. Bánh rán haimo kati ya hivyo, na anayekuambia imo hajasimama mbele ya karai mpaka la mwisho likaelea.

Jana wifi alikuja kwangu. Mkono umefungwa bandeji, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda na kuniambia hataki kukaribia mafuta. Nikampa kazi ya kufinyanga kwa mkono mmoja, nami nikabana upande wa pili. Tulipotia la kwanza akasogeza kigoda hadi mlangoni. Tukangoja. Hakuna aliyezungumza mpaka likaelea. Likavimba, likawa na rangi ya kahawia kama asali, likatoka salama, na baada yake mengine yote 21. Yalipopoa akachukua moja kwa mkono wa kulia, akalipeleka sikioni na kulitikisa. Halikugonga. Akachukua lingine. La tatu likagonga, akanisogezea nami nisikie.