Bure ya Berea ina jasho lake

Eti wanafunzi wa Berea College kule Kentucky, Marekani, wanasoma bure tu! Ada ya masomo kweli hawalipi, na utaratibu huo ni wa tangu 1892, lakini hilo neno bure litawaponza vijana wetu wanaojaza fomu sasa hivi. Kila mwanafunzi pale anapangiwa kazi, si chini ya saa 10 kwa wiki: wengine shambani, wengine maktaba, wengine wanafuma vitambaa na kutengeneza mifagio ya kuuza. Mpwa wangu alianza kwa kupiga deki bwenini (mama yake hakuambiwa), akaishia maabara. Chakula na malazi ni hesabu nyingine. Je, vyuo vyetu vikidai jasho badala ya ada, mtakubali?